Kurasa Sita

Mkataba uko chini ya godoro, kurasa sita,
mwisho wa kujibu ni Ijumaa.
Leo Jumanne. Nimefua soksi, nimezianika dirishani,
nimefanya zoezi la urari
likagoma kulingana kwa shilingi mia nne.

Baba aliposikia kwamba nacheza magongo
alisema: gongo? Kwa gongo watu hufungwa, binti yangu.
Ikabidi nimletee: fimbo iliyopinda mguu,
shikio limeviringwa mpira wa baiskeli,
na vilinda ugoko nilivyookota Memorial
kwenye rundo la viatu visivyo na pacha.
Akaigeuzageuza fimbo. Hii ndiyo inayokuita Ujerumani?

Hiyo.

Uwanja wetu unaujua, Kalista.
Kona ile ya kuelekea Rau mpira hugonga shina la nyasi
ukaruka kama panzi, nami nimejifunza
kuupokea unapotua, si ulikoelekezwa.
Wewe uliondoka mwaka wa pili, darasa hukuliaga.
Kitabu chako cha uhasibu nilikirudisha mimi maktaba,
faini nikalipa.
Jana umeniandikia: huku zulia ni la buluu, limelowa,
mpira unafika kabla hujauita.
Benchi lina joto la umeme.
Kisha, baada ya dakika kumi:
lakini ni benchi.

Mwalimu Shirima anasema cheti kinangoja, goti halingoji.
Mkuu wa idara anasema goti likienda
cheti ndicho kitakachokubeba.
Wote wawili wamesema kweli, na hapo ndipo tatizo.
Ngoja ngoja huumiza matumbo;
haraka haraka haina baraka.
Wahenga nao walichezea timu mbili.

Nilikuwa nimejiandaa kumweleza mama habari ya kahawa,
kwamba buni huchumwa ikishaiva, haichumwi mbichi,
nayo ikichelewa hudondoka.
Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa.
Kahawa nimechuma mimi, akasema, si wewe.
Kahawa haiulizwi.
Usijifananishe na kitu kisichoulizwa.

Kisha akauliza mshahara, kodi ya chumba,
nani atanipikia nikiugua,
na kama huko wanaokaa golini huvaa nguo nzito.
Mimi sikai golini, mama.
Miaka mitatu, na bado hajui nasimama wapi.

Usiku umeme umekatika Soweto yote.
Kwa tochi ya simu nimeziona zile mia nne:
nauli, niliiandika mara mbili.
Nikautoa mkataba. Pembeni mwa ukurasa wa nne
nikaandika kwa penseli: Je, mnaweza kunisubiri hadi Julai?
Nikafuta alama ya kuuliza.
Nikafuta je. Nikafuta mnaweza.

Nisubirini hadi Julai.

Sijapiga wino.
Ijumaa iko mbali, na penseli hii
kifutio chake hakijaisha.