Kauli ya Kutendeka

Theluji ya kwanza iliwahi Winnipeg mwaka ule,
tulilala Oktoba, tukaamka kweupe.
Nilirudisha gari nyuma, nachelewa zamu,
kioo nimekifuta kitundu cha jicho moja,
nikasikia kra!
sauti ndogo, kama mfupa wa kuku.

Baiskeli ya Tumpe. Ile ya zambarau.
Gurudumu limejikunja kama chapati.

Nikashuka na mashahidi wangu tayari:
theluji imeifunika;
nani huacha baiskeli njiani;
taa ya Hrynchuk, jirani, imeungua tangu Jumanne;
na hiyo zamu, na msimamizi, na nchi hii
ambayo jua lake huamka baada ya watu.
Kila shahidi alisema kweli.
Hilo ndilo lililoniudhi baadaye: hakuna aliyedanganya.

Mwanangu alisimama mlangoni na buti za mama yake.
Miaka saba, Kiswahili cha vipande,
hajajua kunyambua kitenzi.
"Baba, umevunja baiskeli."

"Hatusemi hivyo," nikamwambia. "Sema: imevunjika."
"Imevunjika," akarudia, pumzi ikimtoka kama moshi.
"Vizuri sana."
Nikaenda kazini.

Njia nzima nilijiona mwalimu hodari.
Kumbe ni silabi moja tu, ndogo kuliko punje ya ulezi,
na mtu mzima anaenea nyuma yake,
na koti lake, na gari lake, na injini inanguruma.
Ilipotea. Ilisahaulika. Mambo yaliharibika.
Marehemu baba alizungumza hivyo hivyo,
nasi tukimwita mstaarabu.

Jumamosi nikanunua nyingine, kubwa zaidi, yenye kengele.
Dola mia mbili na kumi na tisa.
Neno moja lingetosha,
lakini neno lile sikuwa nalo mfukoni.

Machi, jikoni. Bakuli la bibi,
lililotoka Tukuyu limeviringishwa sweta tatu,
liko sakafuni, vipande vinne.
Tumpe kando yake, mikono nyuma.
"Limevunjika," akasema.

Ngeli sawa. Kauli sawa.
Atupele akanigeukia, uso unang'aa:
"Umesikia Kiswahili chake?"

Nimesikia.
Nikapiga magoti nikaanza kuokota,
nikitazama vigae, si macho yake.
"Tumpe," nikasema, "ile baiskeli…"

"Ilivunjika," akanisaidia.