Alhamisi ya Beseni

Theluji ilikuwa haijaisha milimani Lori
waliponipeleka kanisani kwa kiti cha magurudumu,
mimi Sedrak, fundi wa mawe,
niliyechonga kizingiti kilekile
kilichokizuia kiti changu mlangoni.
Nilikiinua makusudi, enzi zangu:
anayeingia kwa Mungu, nilisema, na anyanyue mguu.
Vijana wanne wakanibeba hobelahobela
kama gunia la viazi.

Miaka arobaini nimechonga misalaba
katika jiwe jekundu la volkano,
na chini ya kila mmoja, pembeni, padogo,
jina langu.
Arpik, mke wangu, aliniuliza siku moja:
"Hivi msalaba huu ni wa nani?"
Nikacheka, nikamalizia herufi ya mwisho.

Mwezi wa Novemba upande wa kulia ulilala, haukuamka.
Mdomo ukapinda. Kijiko kikawa mlima.
Usidhani zamani sikusali.
Nilisali, tena kwa sauti,
lakini kama fundi anayempelekea mwenye nyumba hesabu:
hiki nimejenga, kile nimemaliza,
Bwana, kagua, utie sahihi.

Basi Alhamisi Kuu tukakaa kumi na wawili mstarini,
wenzangu miguu mitupu, baridi ikiwatafuna vidole,
na Padri Mushegh akaja na beseni.

Mushegh huyu!
Nilimfukuza karakanani akiwa na miaka kumi na sita
kwa kuvunja ubawa wa njiwa wa jiwe.
Nilimwambia mbele za watu:
mikono yako haifai kitu.

Akapiga magoti.
Kamba ya kiatu Arpik alikuwa ameifunga mafundo mawili,
theluji ikailowesha, ikakaza.
Mkono wangu mzima ulihangaika nayo, ukashindwa.
Nilitaka kusema: niache, mguu huu unanuka,
niache, nilikulipa nusu ya mshahara,
niache, mimi ndiye huosha, sioshwi.
Likatoka moja tu, "Niache,"
na mate yakanidondoka.

Hakuniacha.
Aliinama, akalifungua fundo kwa meno.

Maji yalikuwa vuguvugu.
Mguu uliokufa haukuyasikia;
niliyasikia mahali pengine,
ambako patasi yangu haijapata kufika.
Kisha siagi iliyobarikiwa,
na kwa kidole gumba, juu ya ngozi, msalaba mdogo,
usio na jina la aliyeuchora.

Sijawa mnyenyekevu, msinisingizie.
Jioni ileile nilimnunia Arpik kwa ajili ya chumvi.
Lakini alipoleta kijiko cha pili cha supu ya dengu
sikugeuza uso ukutani kama jana.
Sikuwa na hesabu ya kupeleka.
Nilisema moyoni, Bwana, na leo pia,
nikafungua mdomo
kabla hajaniambia.