Hizo Ndogo za Mbao

Chilongani alizifungulia kwanza zile kubwa,
zenye taa za buluu zinazopepesa kama macho ya mlevi.
Besi ikatikisa chupa ya soda kaunta,
Barabara ya Sita nzima ikageuka.
"Hizi ndizo. Mtaa utajua umenunua."

Nikampa flashi yangu:
baba na zeze lake, Mvumi, mwaka ule wa njaa,
nilimrekodi kwa simu ya kuazima.
Zile kubwa zikammeza. Mngurumo tu,
lori la zabibu limekwama mchangani.

"Na hizo ndogo, zenye vumbi?"
"Hazina kishindo, dada."
"Chomeka."

Zeze likaja limekonda, kama lilivyokuwa.
Uzi ukakwaruza. Jogoo wa jirani.
Pumzi ya baba kabla ya ubeti wa pili.
Kisha, nyuma kabisa, pengine mlangoni,
mama, ambaye kwa miaka tisa sikujua yumo:
"Mwacheni amalize."

Chilongani akazima feni bila kuambiwa.

Bei sikuiombea punguzo;
nilijuta nilipofika Nkuhungu,
boksi kifuani, vumbi la Agosti menoni,
na meza ya kompyuta bado ina mguu mfupi.