Kisanduku Kimoja

Barua imetoka ng'ambo, kwa wenye mchezo wa Go.
Wanataka jibu kabla Juni haijaisha.
Kisanduku kimoja, kidogo kama ukucha:
Oman, wachezaji hai, wangapi?

Naanza na mimi. Mmoja.
Kisha nasita. Mara ya mwisho kushika jiwe
ilikuwa kabla ya Ramadhani,
nikaona nashindwa, nikasingizia chungu jikoni.

Sajeev wa duka la dawa, Ruwi, huyo yumo.
Kila Alhamisi saa nne usiku hushusha mlango nusu,
hulaza katoni la maji ya drip juu ya kaunta,
mistari kumi na tisa kwa kumi na tisa,
imechorwa kwa rula ya mwanawe.
Wawili.

Rodelio, nesi wa zamu ya usiku,
hucheza kwenye simu na watu asiowajua
wagonjwa wakishalala.
Huyo ni wa Oman, au wa hewani?
Namwandika kwa penseli.

Mhandisi Hayashida ndiye aliyetufunza, Sohar.
Mkataba ukaisha, akapanda ndege,
akaniachia mawe: meusi mia na themanini na moja,
meupe mia na sabini na tisa
na kifungo cha kanzu.
Katika jambo hili lote
hiyo ndiyo hesabu pekee ninayoweza kuiapia.

"Weka hamsini," asema mume wangu.
"Nani atakuja kuhakiki kwenye joto hili?"

Mjomba Mundhir, kule Mabela, anacheka
juu ya bao lake la mbao za makreti.
Kete zake zilivuka bahari ndani ya soksi.
"Sisi tulihesabu viatu mlangoni," anasema.
"Viatu jozi ishirini, wachezaji wawili,
waliobaki wote midomo.
Lakini ondoa midomo uone
kama wale wawili watarudi kesho."
Siku hizi mlangoni pana viatu vyake,
na vya Ghalib, mwanawe akipata nafasi ya kumleta.
Wasipokutana, Mjomba hunamua pande zote mbili
na bado hukasirika akiliwa.

Thuwaiba wangu ana miaka tisa.
Hajui kanuni, hupanga maua ya mawe zuliani.
Jana alichukua jeusi moja, akaliweka pembeni,
akasema, "Mama, hili jeupe halina pa kupumulia."
Kweli, halikuwa na pa kupumulia.
Sasa huyu naye nimweke wapi?

Hayashida alisema kundi huwa hai
likiwa na macho mawili.
Lenye jicho moja limekwisha kufa,
ila bado halijaondolewa ubaoni.

Alhamisi naendesha hadi Ruwi na karatasi mkobani.
Nimeandika watatu, kwa wino.
Sajeev ananibana kwenye kona ya kushoto
pale dereva mmoja wa lori anapoinama chini ya mlango,
anataka dawa ya kikohozi ya mtoto.
Sajeev anampa, anamrudishia chenji.
Dereva haondoki.
Anatazama. Anauliza, "Nyeusi ni ya nani?"
Anavuta kiti cha kupimia presha, anakaa,
na baada ya kitambo anaguna
kabla sijafanya kosa, si baada.

Sikumuuliza jina.
Saa saba usiku, nyumbani, natafuta kifutio cha wino.