Nyasi Zilizokufa

Mimi ndiye niliyeuchora mstari huu.
Ghorofa ya nne, Upper Hill, penseli mpya, rula ya chuma,
dirisha limefungwa vumbi lisiingie.
Nikaandika: magari, kilomita themanini kwa saa.
Nikaandika: waendao kwa miguu, daraja, tazama karatasi ya kumi na saba.
Karatasi ya kumi na saba sikuitazama tena.

Leo nimemshika mkono shangazi Nthenya,
goti lake la kushoto limevimba kama kiazi,
na zahanati iko pale, ng'ambo ya Outering,
naliona bango lake, nasoma hata saa za kufungua.
Daraja liko kulia:
hatua mia tatu na kumi na mbili kulifikia,
vipandio hamsini na vinne kwenda juu,
kushuka,
kisha hatua zile zile kurudi tulikotoka, upande wa pili.
"Aliyepima hii," auliza, "alikuwa na mzigo?"

Nakohoa.

Kuna tundu kwenye ua wa waya.
Kanjo hulishona Jumatatu, Jumanne alfajiri limefumuka,
na mbele yake nyasi zimekufa kwa ufito mmoja mwembamba:
vibarua wa viwandani, watoto wa shule, mama mwenye karai la omena,
wote wamechora kwa visigino, bila rula,
mstari ulionyooka kuliko wangu.

Mwenda pole hajikwai, tulifundishwa.
Hapa mwenda pole hupigiwa honi.
Hapa, mwezi wa nne, Wanyonyi muuza mayai
aliacha ndoo yake wima, kachumbari haikumwagika,
na watu wakasema, maskini, alivukia pabaya.
Alivukia penye nyasi zilizokufa. Wapi pengine?
Lami pana, imenyooka, haina tuta wala kona,
usiku kucha inamnong'oneza dereva: kanyaga.
Na sauti ile naijua. Niliiandika kwa mwandiko mzuri.

Shangazi ameketi kipandio cha kumi na tisa, anahema,
watu wanampita kama maji yanavyopita jiwe.
Nageuza cheti chake cha kliniki, natafuta kalamu.
Kutoka tunduni hadi ng'ambo, kwa jicho: hatua arobaini.
Kivuko kiinuliwe, kiwe sawa na njia ya miguu.
Kisiwa katikati, pa kuvutia pumzi.
Njia za magari zifinywe.

"Unaandika nini?"
"Hesabu, shangazi."
"Basi tia na goti."