Jino Katika Barafu

Kila Mei, msimu ukiisha, tunazima mitambo
na uwanja wa Skelby unalia maji siku nne.
Nasukuma kwa ufagio wa mpira
rangi nyeupe, mistari myekundu, nembo ya korongo,
hadi mfereji wa nyuma, kando ya jiko la chipsi.
Ndipo vitu hujitokeza.

Sarafu. Kifungo. Pini ya nywele.
Na mwaka wangu wa kwanza, jino.

Wilf Ackroyd, aliyenifunza kazi, aliligeuza kiganjani.
“La Thibodeau,” akasema,
kama mtu aliyetambua mwandiko wa nduguye.
Lakini Thibodeau alirudi kwao Kanada mwaka wa hamsini na tatu,
na barafu hii imeyeyushwa mara ngapi tangu hapo!
Sikubisha. Sanduku la nyaraka za klabu lilizama kwenye mafuriko.
Historia yetu ilikuwa Wilf,
na Wilf hakupenda kukatizwa.

Alisema: kwanza kilikuwa kiwanda cha barafu ya samaki.
Samaki walipoadimika, mitambo ikabaki,
na mwenye mali, Septimus Garside,
hakustahimili kuona baridi ikipotea bure.
Akamwaga maji sakafuni, akapanga mabenchi, akatoza peni sita.
Miaka miwili wachezaji wetu walinuka chewa.
Wageni waliofungwa hapa walidai wamefungwa na harufu.

Vikaja vita. Ukumbi ukahifadhi viazi,
na wiki moja ya Machi, watu waliotolewa vifusini.
Hapo Wilf alipita upesi.

Kisha enzi ya Thibodeau:
mchana fundi bomba, usiku mshambuliaji,
mshahara pauni saba kwa wiki na gunia la makaa.
Watu elfu tatu, na moshi wa sigara mzito
hata kisahani cheusi kilipotelea humo
na golikipa akidaka kwa sikio.
Kombe tulilowahi kutwaa ni moja.
Liko baa ya Sungura Mweupe, linawekewa miavuli.

Ligi ikavunjika. Watu wakanunua televisheni.
Miaka kumi na tisa pakawa ukumbi wa bingo,
zulia la zambarau juu ya mabomba,
na mabomba yakingoja chini ya visigino vya kina mama
kama mdai mpole.

Enid Sowerby, mtangaza namba,
usiku mmoja aliinua pembe ya zulia kwa kisu cha siagi,
akaweka kiganja sakafuni.
“Bado pana baridi,” akasema.
Uongo, bila shaka; mitambo ilikwisha kufa.
Watu mia mbili wakamwamini, wakachanga.

Akaja tajiri, akatubadili jina na rangi,
akaondoka na funguo na mishahara ya miezi mitatu.
Wachezaji wakatawanyika, isipokuwa Guntars, golikipa kutoka Latvia,
aliyelala chumba cha nyuma kwa Enid.
Mgeni siku mbili; ya tatu tukampa sepetu la theluji.
Alidaka msimu mzima kwa ujira wa pai za nyama,
tukashuka daraja hata hivyo.

Wilf alikufa Novemba, kati ya kipindi cha pili na cha tatu,
ameketi juu ya ndoo.
Kabatini mwake nilikuta glavu, redio,
na kiberiti kitupu chenye pamba ndani,
nayo pamba imebonyea shimo dogo,
kadiri ya gego.
Juu yake, kwa kalamu ya risasi: *Septemba*.

Nilikaa pale hadi filimbi ikapulizwa
na ikabidi nikawashe gari.

Barafu hujengwa kwa maji membamba, tabaka juu ya tabaka,
usiku, watu wakiwa wamelala.
Kila Septemba, kabla ya tabaka la kwanza,
napiga magoti karibu na goli la kaskazini.

Mwaka huu nina mwanafunzi, binti wa Guntars.
Mei ameliokota, ameliosha, amelileta mbio.
“La nani hili?”
Nikalichukua. Nikaligeuza kiganjani.