Mkono Begani

Picha ni ndogo, kama kiganja cha mtoto.
Kingo zake zimekatwa menomeno mithili ya biskuti,
isipokuwa upande wa kulia:
huo umenyooka. Umepitiwa na mkasi.

Nyuma, kwa wino wa zambarau, mwandiko wa padri:
Elizabethville, Oktoba, shefu na vijana wake.
Vijana tisa wameandikwa majina.
Shefu ni shefu tu.

Ni babu yangu, Telesfori Mwepu,
karani wa mizani kwenye kiwanda cha kuyeyusha shaba,
mume wa mtu, baba wa watoto wanne,
na amevaa kaptula.
Kofia pana kama sinia. Skafu. Filimbi.
Soksi zimepandishwa hadi magotini,
moja imeteremka kidogo,
haikujua kwamba inapigwa picha.
Nyuma yao kichuguu kinachowapita kimo,
na nyuma ya kichuguu ile dohani,
inaandika moshi mbinguni bila kuinua kalamu.

Aliwafundisha mafundo.
Aliwafundisha kuwasha moto kwa njiti moja,
mvua imekwisha kunyesha, kuni zinalia.
Aliwafundisha kusalimiana kwa mkono wa kushoto,
wazee wa kambi wakaguna:
Mwepu, huo mkono tunajua kazi yake chooni,
leo watoto wetu wawape watu?
Akacheka, akawanyooshea wa kulia.

Na nyota. Ule Msalaba wa Kusini,
urefushe mara nne na nusu,
kisha teremka moja kwa moja hadi ardhini:
hapo ndipo kusini. Ukijua hapo, hupotei.

Usiku mmoja, saa tatu imepita,
anatoka kurudisha mahema misheni, upande wa mji wa wazungu,
askari akammulika kurunzi usoni.
Karatasi yako?
Kusini alikuwa anakujua.
Karatasi ilikuwa kwenye koti jingine.
Alilala korokoroni, kofia magotini,
na Jumapili akapuliza filimbi kama kawaida.
Vijana hakuwaambia.

Sasa huo upande wa mkasi.
Begani mwake umebaki mkono:
vidole vinne vyeupe, pindo la kanzu nyeupe,
na mwenyewe hayupo.
Nimeutazama mkono huo miaka.
Nimeuita ulezi. Nimeuita uzito. Nimeuita serikali.
Nikajisimulia kwamba bibi ndiye aliyekata,
mwaka wa uhuru, usiku, meno yameumana,
na nikampenda zaidi bibi kwa jambo ambalo sikuwahi kumwuliza.

Juzi nikaipeleka Katuba, kwa shangazi Astrida.
Akatafuta miwani. Ilikuwa kichwani.
Akaishika picha mbali, akaileta karibu.

Mkasi? Ni mimi huyo.
Fremu ilikuwa ndogo, na padri alikuwa mnene.

Nikabaki na serikali yangu mkononi.
Na huu mkono, shangazi, mbona uliuacha?
Akaufuta kwa kidole gumba, kama doa la mchuzi.

Ningeukata, ningekata bega la baba.

Hakusema zaidi. Alikwenda kugeuza sufuria.
Nje mtu alikuwa anauza makaa, anaita bei,
na ile dohani, kwa mbali, imesimama bila moshi,
kalamu iliyoishiwa wino.

Wakati wa kuondoka alinifungia mihogo kwa kamba ya katani:
kulia juu ya kushoto, kushoto juu ya kulia,
huku akinilalamikia kuhusu umeme.
Nikamwuliza alijifunza wapi, wasichana hawakuandikishwa.
Dirisha lilikuwa wazi, akasema.

Njia nzima, na mashimo yake yote,
fundo halikulegea.
Nyumbani nikasukuma ncha mbili zikutane,
kidogo tu,
likafunguka.